Anayefungua kwa b4 si mwendawazimu: dhana potofu kuhusu sataranji yetu

Jumamosi hapa Kampala, nikisukuma askari wa b hatua mbili kwenye mwendo wa kwanza (tunauandika b4: herufi ni ya safu, namba ni ya mstari), huwa nasikia minong'ono nyuma ya kiti changu. Nimecheza hivyo kwa miaka. Siku za wiki nafundisha sataranji shuleni, na hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Watu huona ufunguzi wangu ni jambo moja na riziki yangu ni jingine. Mimi naona moja limezaa lingine, na dhana ninazozisikia kila wiki zinaniuma kwa sababu hiyo.

"Anayefungua ovyo hajui kucheza."

Kosa liko kwenye neno "ovyo". Watu hutia kapu moja kila ufunguzi wasiouzoea, ilhali tofauti ni kubwa. Ufunguzi wa b4 huitwa wa orangutani tangu 1924, Savielly Tartakower alipoucheza dhidi ya Géza Maróczy huko New York, baada ya kwenda kumtazama mnyama huyo kwenye bustani ya wanyama. Mpe Stockfish, programu ya kompyuta ya sataranji, aupime: atakuambia mchezo uko karibu sawa kwa sawa. Mweupe amepoteza faida ndogo ya kuanza, basi. Ukisukuma askari wa g hatua mbili, hapo habari ni nyingine. Umeulegeza ukuta wa mfalme wako mwenyewe kabla vita havijaanza, na mweusi anapata ubora wa kweli.

Anayedhani mabingwa hawathubutu, aitazame Skara, Sweden, mwaka 1980. Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, alifungua kwa e4, na Tony Miles wa Uingereza akajibu kwa a6, mwendo ambao kocha yeyote angemkemea mtoto kwa kuucheza. Miles alishinda. Lakini haki ni haki, niseme na upande wa pili: mwaka 1970 mjini Belgrade, Bent Larsen alifungua kwa b3 dhidi ya Boris Spassky na akapigwa kwa miendo 17 tu. Larsen alikuwa miongoni mwa wachezaji wakali kabisa duniani wakati huo. Ufunguzi adimu haukusamehe ukicheza polepole.

"Ni mtego tu. Akinasa umeshinda."

Dhana hii imeharibu vijana wengi, na simu ndizo zinazoisambaza. Kila klabu ina mtoto anayejua ule mtego wa kujibu d4 kwa e5. Mweusi anatoa askari bure, malkia wake anaruka hadi b4 na kutoa cheki, kisha anakula askari wa b2. Mweupe akishtuka na kumpeleka askofu c3 ili kumfukuza, amekwisha: mwendo wa nane malkia anatua c1, chekimeti. Mtoto anashinda hivyo mara tano kwenye simu na kujiona ameiva. Jumamosi anakutana na mtu mzima ambaye, badala ya askofu, anaweka farasi c3. Sasa malkia wa mtoto anazurura peke yake katika eneo la adui, kete zake nyingine zimelala nyumbani, na mtego mwingine hana.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wapya wanaanza na e4 wote, hata wakinung'unika kwamba mwalimu mwenyewe anacheza b4. Kwanza ajue kwa nini katikati ya ubao pana thamani, ndipo aruhusiwe kupaacha.

"Ni uvivu wa kusoma."

Hapa nachelewa kidogo, kwa sababu hili nimeambiwa usoni.

Kucheza Sisilia ya Najdorf, ufunguzi maarufu wa mweusi, kwa uzito kunataka hifadhi kubwa ya michezo iliyochezwa, kompyuta yenye nguvu, kocha, na saa nyingi kila siku, maana mistari yake hubadilika kila mara. Mchezaji wa Ulaya anaweza kukaa mezani akiwa amehifadhi miendo 20 kabla hajafikiri mwenyewe. Mimi natoka shuleni jioni, nakwama kwenye taksi, nafika nyumbani nimebakiwa na saa moja kabla ya usingizi. Saa hiyo moja ndiyo mtaji wangu wote, na nimeiweka mahali itakapozaa. Mweusi akinijibu e5, askofu wangu anakwenda b2. Askofu wake anakula askari wangu wa b4, wangu anakula wake wa e5. Nimebadilisha askari wa pembeni kwa askari wa katikati. Yeye naye ametangulia kutoa kete, na lazima nijue kunusurika miendo kumi inayofuata. Hiyo miendo kumi naijua. Imejaa daftari zima.

Wazee wanaocheza mweso, bao letu la hapa Uganda, hawana kompyuta. Wana mashimo 32, mbegu 64, na miaka mingi ya kuutazama ubao uleule mpaka mkono unajua njia. Hakuna anayewaita wavivu.

"Ukipata cheo, maisha yamenyooka."

Watu walisikia kwamba pambano la ubingwa wa dunia la 2024 kule Singapore, Gukesh alipomshinda Ding Liren, lilikuwa na zawadi ya dola milioni 2.5. Wakadhani mto huo unatiririka hadi kwetu.

Uganda ina masta wa kimataifa, akiwamo Arthur Ssegwanyi. Grandimasta, cheo cha juu kabisa, hatuna. Sababu si akili. Cheo hicho kinataka kiwango cha 2500 kwenye orodha ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, pamoja na matokeo makubwa, kwa kawaida matatu, yatakayojumlisha angalau michezo 27. Ili tokeo lihesabiwe, ucheze kama mtu wa 2600, na katika mashindano ya raundi tisa angalau wapinzani watatu wawe grandimasta. Nchini kwako hakuna hata mmoja! Kwa hiyo kila jaribio linaanzia Entebbe, kwa tiketi ya ndege, viza, hoteli na ada ya kujiandikisha. Raundi mbili zikienda vibaya, unarudi mikono mitupu. Grandimasta wa nje mara nyingi hulazwa bure na waandaaji, na baadhi hulipwa kwa kufika tu, wakati asiye na cheo hulipia kila kitu. Na ukifaulu yote, kukisajili cheo chenyewe ni euro 330.

Amon Simutowe wa Zambia alivivuka vikwazo hivyo na kutunukiwa cheo mwaka 2009. Namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Njia, hata hivyo, haikupanuka kwa waliomfuata.

Zawadi za hapa nyumbani hazimlishi mtu. Niliwahi kushika nafasi ya pili kwenye mashindano fulani na kusubiri pesa miezi minne, nikipiga simu hadi nikaona haya kupiga tena. Wachezaji wetu wengi wazuri wanaishi kama mimi: wanafundisha shule kwa mkataba wa muhula, na shule zikifungwa mapato yanafungwa.

"Sataranji humtoa mtoto mtaani. Si mmemwona Phiona?"

Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala, alipata cheo chake, cha ngazi ya chini cha wanawake, kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012, na dunia ikamjua kwa kitabu na filamu. Anastahili kila sifa. Lakini tazama kilichofuata: alikwenda Marekani kusoma chuo kikuu. Sataranji ilifungua mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na darasa. Mzazi anayenijia akitaka mtoto aache shule ili "awe kama Phiona" ameishika hadithi kwa upande usio wake.

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja wa Kawempe, yuko S5 (kidato cha tano), aliniuliza, "Mwalimu, niache shule nicheze tu?" Nikamwambia hapana, mpaka amalize mtihani wa S6. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa daftari na kuniuliza kwenye ile b4 nafanya nini mweusi akianza kwa d5 badala ya e5. Tulikaa hadi mlinzi akaja kuzima taa.