Kuendesha kampeni ndani ya Faerûn: dhana potofu na ukweli

Forgotten Realms, ambao bara lake maarufu ni Faerûn, ni ulimwengu wa kubuni unaotumika katika kampeni nyingi (hadithi ndefu zinazochezwa kikao baada ya kikao) za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika. Ed Greenwood wa Kanada alianza kuubuni akiwa mtoto, miaka ya 1960, kabla mchezo wenyewe haujachapishwa mwaka 1974. Kampuni ya TSR, iliyokuwa ikiuchapisha mchezo huo, ilitoa seti ya kwanza ya ulimwengu huo mwaka 1987. Tangu hapo zimefuata riwaya, ramani na michezo ya kompyuta kwa wingi, na wingi huo unawatisha watu. Wapo wasimulizi hodari ambao hawajawahi kukalia kiti cha mwongoza mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuamua matokeo, kwa kudhani hawajasoma vya kutosha. Inasikitisha, maana sehemu kubwa ya hofu hiyo haina msingi.

Dhana: Lazima uujue ulimwengu wote kwanza.

Ukweli ni kwamba kikao cha kwanza kinahitaji mahali pamoja tu. Chukua Phandalin, mji mdogo uliomo katika seti ya wanaoanza ya mwaka 2014. Una majengo ya magogo yapatayo arobaini au hamsini, yaliyosimama juu ya magofu ya mji ulioangamizwa na maorki, viumbe wakali wa ulimwengu huo, karne kadhaa zilizopita. Walowezi wamerejea miaka mitatu minne tu. Kuna nyumba ya wageni ya Stonehill, kuna duka la Barthen, na kuna genge la Redbrands linalowanyanyasa wakazi. Hapo una vikao kadhaa mkononi. Neverwinter na Waterdeep, miji mikubwa walikotoka walowezi hao, zibaki kuwa majina yanayotajwa na wafanyabiashara. Wachezaji wakitaka kwenda huko, waulize mwishoni mwa kikao, kisha usome habari za mji huo kabla hamjakutana tena.

Maandalizi yenye faida ni ya watu. Andika wakazi watano wa mji, na kwa kila mmoja anachokitaka, anachokiogopa, na anayemdai. Mwenye duka ambaye shehena yake haijafika atawasukuma wachezaji barabarani haraka kuliko kurasa kumi za nasaba za wafalme. Historia ya kale itoe pale mhusika anapoigusa: anapofukua msingi wa nyumba ya zamani, au anapomuuliza mzee kwa nini watu hawalali upande ule wa kilima. Mchezaji akiuliza mwenyewe, atakumbuka jibu. Ukimsomea kabla hajauliza, atakuwa amelisahau kabla ya chai.

Dhana: Ukigeuza kilichoandikwa, umeuharibu ulimwengu.

Wachapishaji wenyewe wameugeuza zaidi ya mara moja. Mwaka 2008, toleo la nne la mchezo liliivusha kalenda karibu karne moja mbele na kuleta Spellplague, janga la uchawi la mwaka 1385 kwa hesabu ya Dalereckoning, kalenda ya ulimwengu huo, lililobadilisha nchi nzima nzima. Kufikia toleo la tano la mwaka 2014, mengi yalikuwa yamerudishwa karibu na yalivyokuwa. Na tangu ile seti ya 1987, nchi ya Sembia iliachwa makusudi ili kila mwongoza mchezo aijaze atakavyo. Nafasi yako ilipangwa tangu mwanzo.

Kuna sharti moja ambalo mimi nalishikilia sana: wachezaji waambiwe mapema. Tajeni mwaka mnaouchezea, semeni ni vitabu gani vinahesabika, na mkubaliane kwamba kuanzia siku hiyo kinachotokea mezani ndiyo historia. Wahusika wakimwua mtawala, amekufa, hata kama riwaya inayosimulia miaka ya baadaye inamwonyesha akila karamu.

Dhana: Mchezaji anayeujua ulimwengu kuliko wewe atakuumbua.

Siku hizi mchezaji huyu ni wa kawaida, hasa baada ya Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2023 unaotokea Faerûn, ambao hadithi yake iko mwaka 1492 wa Dalereckoning. Mpe kazi. Kama mhusika wake ni kasisi, mwulize mbele ya wenzake jinsi waumini wa mungu wake wanavyozika wafu, kisha ulipokee jibu lake. Umeokoa saa ya kusoma, naye amepata heshima. Akikusahihisha katikati ya pambano, mjibu kwa utulivu: "Hivyo ndivyo mhusika wako alivyofundishwa." Labda mwalimu wake alikosea. Hapo hapo mmepata fumbo jipya la kufuatilia.

Dhana: Elminster yupo, kwa hiyo wachezaji hawana kazi.

Mchawi huyo wa Shadowdale ana nguvu nyingi, lakini ni mtu mmoja, na Faerûn ina matatizo mengi kuliko wachawi wakuu. Hana habari za watoto waliopotea katika kijiji chenu. Asionekane kabisa, au aonekane mara moja, akiwa na haraka ya jambo lake.

Dhana: Bila kununua rafu nzima ya vitabu huwezi kuanza.

Kanuni za msingi za toleo la tano, katika hati iitwayo SRD 5.1, zimetolewa bure tangu Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kuzitumia akimtaja mwenyewe. Hati hiyo haina Faerûn ndani yake. Ulimwengu ni mali ya Wizards of the Coast, kampuni inayouchapisha mchezo sasa. Lakini kucheza na rafiki zako hakuhitaji kibali cha mtu. Ukitaka kuuza kisa ulichokiandika ndani ya Faerûn, soko la mtandaoni la DMs Guild lilifunguliwa mwaka 2016 kwa kazi za aina hiyo, na masharti yake yasome kabla hujaandika ukurasa wa kwanza.