Gazeti limekufa? Maneno ya barazani na ukweli wake

Jaws Corner, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, habari hunywewa pamoja na kahawa. Siku hizi simu ndiyo inayozungushwa, na kwenye mazungumzo hayo kuna mambo yanayosemwa kama yameshathibitishwa.

"Kila mwenye simu ni mwandishi."
Mwenye simu ni shahidi, na shahidi ana thamani kubwa. Uandishi huanza pale picha inapoishia. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Habari ya kuzama haikungoja gazeti. Ilienea kwa simu. Swali gumu likawa: mlikuwa na watu wangapi humo? Miili iliyopatikana ilikuwa kama 200. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa 2012, ilitaja zaidi ya watu 1,300 waliopotea. Abiria asiyeandikwa kwenye orodha ya meli hana picha wala video. Kumjua kunataka mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba, kumuuliza sheha, yaani kiongozi wa mtaa, kulinganisha majina, na kurudi tena kesho yake. Kazi hiyo intaneti haijaifuta, ila imewafanya wasomaji waidai kwa haraka zaidi.

"Imesambazwa sana, basi ni kweli."
Ile mishale miwili ya WhatsApp inaonesha tu kwamba ujumbe umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu uvumi ndio unaokimbia zaidi.

"Gazeti likiwekwa mtandaoni, limeshakuwa la kidijitali."
Hapana. Kurasa zilizopigwa picha zikatiwa mtandaoni ni karatasi ileile, tena ya kusomea kwa kukodoa macho na kumaliza bando. Kubadilika ni mwandishi wa Wete, Pemba, kutuma sauti, picha na aya tatu asubuhi, mchana akaongeza maelezo ya upande wa pili, na likitokea kosa likasahihishwa waziwazi palepale. Kwa msomaji wa Pemba faida iko wazi: gazeti lililochapwa Unguja au Dar es Salaam lazima livuke bahari kwanza.

"Mtandaoni hakuna sheria."
Hapa wengi hujikwaa, hata waandishi. Habari si jambo la Muungano, ndiyo maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ni ya Bara, na magazeti ya Zanzibar yana sheria yake ya 1988. Lakini posta na simu ni za Muungano, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku. Mwandishi wa Zanzibar akichapisha karatasini na mtandaoni, anatazamwa na macho mawili.

"Basi mtandaoni hawawezi kutufungia."
Gazeti la Dira la Zanzibar lilipigwa marufuku 2003, likanyamaza. Wapo wanaodhani leo lingehamia kwenye simu na mambo yakaisha. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter na WhatsApp zilizuiwa nchini, na waliokuwa wamejenga chumba chao chote cha habari humo wakakosa pa kusemea. Redio iliendelea kusikika.