Mafuta yakipanda, je, ndege za nauli nafuu hufa kwanza?

Kila bei ya mafuta inapopanda, husemwa kwamba mashirika ya ndege ya nauli nafuu ndiyo yatakayofunga kwanza. Nauli ndogo, faida ndogo, basi kifo kiko karibu. Dhana hiyo inasahau viti. Gharama ya mafuta ya safari moja hugawanywa kwa abiria waliomo, na mashirika haya hujaza ndege.

Tazama mwaka 2008, pipa la mafuta ghafi lilipopita dola 147 mwezi Julai. Eos, shirika la wenye fedha lililoruka kati ya London na New York kwa Boeing 757 zenye viti 48 tu, lilikuwa limeshafilisika tangu Aprili. Ryanair, shirika la nauli nafuu la Ireland, kwa Boeing 737-800 za viti 189, ilivuka.

Hofu ina msingi, nakubali. Shirika lililokwisha kubana gharama nyingine zote hubaki na mafuta kama mzigo mkubwa, na abiria aliyefuata bei huondoka bei ikipanda. Oasis, shirika la nauli nafuu la Hong Kong, nayo ilianguka Aprili hiyohiyo. Kinachookoa ni akiba ya fedha, na mikataba ya kununua mafuta kwa bei iliyopangwa mapema, iliyoinufaisha sana Southwest ya Marekani.

Na mafuta rahisi hayaokoi. Fastjet, iliyotufurahisha kwa nauli zake kutoka Dar es Salaam tangu 2012, ilipata hasara mwaka 2016, mwaka ambao pipa lilishuka chini ya dola 30 mwezi Januari. Mwishoni mwa 2018 ikaacha kuruka Tanzania.