Maziwa yameganda vizuri, ila dawa ya minyoo bado imo

Mwangaluka ndugu zangu wafugaji, wa Nzega, Igunga, Uyui mpaka Urambo. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Tabora na leo nina jambo moja tu, maziwa ya ng'ombe aliyetoka kuchomwa dawa ya minyoo.

Juzi nilikuwa kwenye boma moja huko Uyui, baba kanunua chupa ya ivamektini mnadani, asubuhi kachoma ng'ombe wote, wanaokamuliwa na wasiokamuliwa, jioni mama anakamua kama kawaida na watoto wamekaa na vikombe wanasubiri. Nikamuuliza, mama haya maziwa yanaenda wapi? Akanijibu bila wasiwasi, "Daktari mi nachemsha, mengine nagandisha, yakikataa kuganda ndo najua yana dawa."

Na huyo mama hajakosea kabisa. Ng'ombe akitibiwa kiwele kwa penisilini maziwa mara nyingi yanagoma kuganda, maana dawa inaua wale bakteria wa mtindi, akina mama wameligundua hilo zamani bila maabara yoyote. Shida ni kwamba ivamektini inaua minyoo, kupe na chawa, bakteria wa mtindi haiwagusi. Kwa hiyo maziwa yanaganda safi, rangi ileile, ladha ileile, na dawa imo. Hamna cha kuonja wala kunusa kitakachokwambia.

Kuchemsha nako hakusaidii. Moto unaua vijidudu vya brusela na kifua kikuu, kwa hiyo tafadhali endeleeni kuchemsha, ila ivamektini inavumilia ule moto wa sufuria na inabaki humohumo. Tena ni dawa inayopenda mafuta, ikiingia kwa ng'ombe inajificha kwenye mafuta ya mwili halafu inatoka kidogokidogo kwenye maziwa, siku nyingi, sio siku mbili. Sasa wewe ukitikisa kibuyu ukatoa siagi ukapika samli, dawa inafuata mafuta, na samli ndo tunampa mtoto kwenye uji tukijua tunamjenga.

Tufanye hesabu kidogo. Ng'ombe wa kilo 300 anachomwa mililita 6 za ile ya asilimia 1, hizo ni miligramu 60 za dawa. Ukomo wa Codex, wale wa FAO na WHO wanaopanga viwango vya chakula, ni mikrogramu 10 kwa kilo ya maziwa (mikrogramu elfu moja ndo miligramu moja). Yaani sindano moja ina dawa ya kufikisha lita kama 6,000 kwenye huo ukomo. Ni kweli sehemu kubwa haitoki kwenye maziwa, inatoka na kinyesi, ila ng'ombe wetu wa kienyeji anatoa lita moja au mbili kwa siku, hata ile sehemu ndogo inayotoka ni nyingi kwa maziwa machache hivyo.

Sisemi kikombe kimoja kitaua mtu, hapana. Ninachosema ni kwamba kwenye kampeni za matende dawa hiihii watoto chini ya sentimita 90 hawapewi na wajawazito hawapewi, sasa kwa nini tuwape kwa mlango wa nyuma kila siku kwenye chai?

Dawa yenyewe ni nzuri, waliogundua jamii yake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Nobel mwaka 2015, mimi mwenyewe naitumia. Ila ivamektini ya sindano sio ya ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya watu, lebo nyingi zinaandika hivyo na nyingine zinakataza hata siku 60 kabla hajazaa. Mchome akiwa amekauka maziwa, mapema kabla hajakaribia kuzaa. Kama ana minyoo na yuko kwenye maziwa, muulize bwana mifugo, ipo albendazoli ya kunywesha ambayo muda wake wa kusubiri ni siku chache tu (usimpe mwenye mimba changa, inadhuru mimba), na ipo eprinomektini ya kumwagia mgongoni ambayo inaingia kidogo sana kwenye maziwa. Ukinunua dukani soma palipoandikwa maziwa, na kama chupa haina lebo au imefutika iache hapohapo, hata kama ni bei rahisi.

Kama ulishachoma, maziwa ya huyo mwachie ndama wake, na huyo ndama asichinjwe karibuni.

Tulichofanya na yule mama ni hiki. Wanakamua alfajiri gizani, na watoto ndo wanakamua, kwa hiyo alama ya pembeni hawaioni. Tukachana kanga ya zamani tukamfunga kila ng'ombe aliyechomwa kwenye mguu wa nyuma, pale mkamuaji anapopitisha mkono akitafuta chuchu, ukigusa kitambaa unainuka unaenda kwa mwingine. Tarehe ya sindano akaiandika kwa mkaa ukutani, juu ya mlango wa jikoni.