Mita 60 za ukingo wa mto huanzia wapi

Kila kiangazi malalamiko ni yale yale: mkulima kawekewa alama shambani, na maji anayaona kule mbali. Hatupimi kutoka kwenye maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu mazingira, kama kulima, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo utepe huanzia ukingoni hata kama Oktoba mto umebaki kijito katikati ya mchanga.

Chomeka kigingi ukingoni, kisha vuta utepe kuelekea shambani, usiende mshazari. Penye mteremko ushikwe usawa. Ukiulaza ardhini, mita 60 zitaisha kabla ya mahali pake. Utepe wa mita 50 hautoshi: weka kigingi penye 50, ongeza 10. Mto ukipinda, pima upya. Na ni mita 60 kila upande, si 30 kwa 30 kama wengine wanavyogawana.

Shamba linalogusa mto kwa mita 100 huacha mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Ni eneo kubwa, hasa kwa wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wa Iringa na Njombe, na hatulidharau. Ila jembe likishakata mizizi inayoshika udongo, mvua za kwanza huushusha mtoni, mkondo hujaa mchanga, nao mto hutanuka na kula shamba lile lile.

“Lakini nina kibali cha maji.” Jamani, kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde hutaja kiasi cha maji na mahali pa kuyachukulia. Hakikupi ukingo. Wala hakikuruhusu kuacha banio, yaani lango la kuingizia maji, wazi usiku kucha maji yakipotea mferejini; mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi tangu 1993, na mifereji ya umwagiliaji ya Usangu, juu ya mto huo, ina sehemu yake. Kuchota ndoo ya nyumbani hakuna anayekukataza.

Anayekiuka hukabiliwa na faini au kifungo, na anaweza kupewa amri ya kurejesha mazingira: kuondoa alichoweka na kupanda miti kwa gharama zake. Asipotekeleza, kazi hufanywa na mamlaka, kisha anadaiwa. Miti yenyewe iwe rafiki wa maji, kama mikuyu. Aliyepanda mikaratusi ukingoni hajarejesha kitu, na ataambiwa aing’oe.