Aliyefika Uhuru na safari ya kwanza ya Himalaya: mambo ya kupanga kabla ya kukata tiketi

Kliniki yetu ya afya ya wasafiri hapa Moshi inazidi kupokea watu wanaojiandaa kwa safari ya kwanza ya miguu katika Himalaya, hasa njia ya kwenda kambi ya msingi ya Everest nchini Nepal, na wengi wao wanafika wiki moja kabla ya kuruka, ratiba ikiwa imeshafungwa na fedha zimeshalipwa. Tunaandika ili wenye nia hiyo waje mapema, wakati bado kuna kitu kinachoweza kubadilishwa. Kitu hicho kwa kawaida si viatu wala koti. Ni idadi ya siku.

Karibu kila mmoja anatuambia kwamba alishafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kambi ya msingi ya Everest iko mita 5,364 tu, kwa hiyo hana wasiwasi. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi mno, na si sahihi. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu analala Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, mita 4,720, ambako anaamshwa usiku wa manane aende kileleni, na jioni ya siku hiyo hiyo ameshashuka Horombo. Juu ya mita 4,000 amepumzika saa chache tu. Katika njia ya Everest msafiri analala Dingboche (mita 4,410), Lobuche (mita 4,940) na Gorak Shep (mita 5,164), yaani usiku minne au zaidi mfululizo mahali ambapo kanieneo ya hewa inakaribia nusu ya ile ya pwani. Ugonjwa wa mwinuko, yaani kuugua kwa sababu mwili haujazoea uhaba wa oksijeni huko juu, una nafasi ya kutosha kukomaa huko, na kumbukumbu ya safari ya miaka miwili iliyopita haimkingi mtu, kwa sababu mwili ukisharudi chini hupoteza mazoea hayo ndani ya wiki chache.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale ulipolala jana. Kutoka Phakding (mita 2,610) hadi Namche (mita 3,440), vijiji vya kulala mwanzoni mwa njia hiyo, kuna mruko wa zaidi ya mita 800, ndiyo maana ratiba nzuri huweka usiku miwili Namche na miwili mingine Dingboche. Ukiletewa ratiba ya bei nafuu, hesabu usiku hizo kwanza, maana hapo ndipo bei ilipopunguziwa. Mazoezi ya mwili yanasaidia miguu na moyo, lakini hayazuii ugonjwa wa mwinuko, na vijana wenye pumzi nzuri huugua mara nyingi kwa sababu tu wanatembea haraka. Supu ya vitunguu saumu inayouzwa katika nyumba za wageni za huko ni chakula kizuri, na haitibu kitu.

Dawa ya kinga ipo, asetazolamidi, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inafanya vidole viwashe kama vimekufa ganzi na inakupeleka chooni mara kwa mara, kwa hiyo ni busara kuijaribu ukiwa nyumbani. Aliyewahi kuvimba au kutokwa na malengelenge kwa Septrin au SP (dawa ya malaria) lazima atueleze kabla, kwa kuwa dawa hizi zina undugu wa salfa.

Kuna suala moja ambalo vitabu vya watalii hulipitia haraka, nasi hatuwezi. Mgonjwa wa selimundu asiende huko. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye huenda hajawahi kuumwa wala kujua hali yake, anaweza kupata maumivu makali ya bandama katika mwinuko mkubwa kwa sababu damu inashindwa kupita humo. Katika eneo letu watu wa namna hiyo si wachache, na kipimo ni cha damu kidogo tu. Ukiwa nayo, tutazungumza. Ukiwa huijui, maumivu ya ubavu wa kushoto ukiwa Lobuche yatachukuliwa kuwa ya tumbo.

Malaria nayo inasafiri na mtu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na ni dalili za malaria pia. Uliyeondoka nyumbani siku kumi zilizopita unaweza kuanza kutetemeka ukiwa Namche, na mhudumu wa huko, ambaye katika milima hiyo haoni malaria, hatakuwa na sababu ya kuifikiria usipomwambia unatoka wapi. Kwa hiyo beba kipimo cha haraka na dawa mseto, na mwonyeshe mwongozaji wako vilipo.

Mgeni wetu mmoja, mwalimu wa sekondari, tulimwomba atembee juu ya mstari wa vigae vya sakafu yetu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Alicheka, akafika mwisho bila kuyumba. Tukamwambia afanye hivyo kila jioni safarini, mwenzake akimtazama. Siku atakayoshindwa, ubongo umeanza kuvimba, na anatakiwa kushuka saa ile ile, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kwa anayehema akiwa amekaa kitako. Dawa na oksijeni hutolewa wakati wa kushuka. Hazichukui nafasi yake. Chama cha uokoaji cha Himalaya, kilichoanzishwa mwaka 1973, kina kituo cha matibabu Pheriche ambako katika msimu madaktari hutoa maelezo ya ugonjwa huu kila siku, na tunamsihi kila msafiri ayasikilize.

Kuhusu bima, soma ukurasa wa mambo yasiyohusika. Mikataba mingi ina kikomo cha urefu, na tumeona uliosema mita 4,000 mikononi mwa mtu anayekwenda zaidi ya mita 5,000. Uwe na maandishi yanayotaja mita 6,000 na helikopta, na namba ya dharura ya bima uibebe mwenyewe, kwani mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu ambapo wasafiri wenye dalili nyepesi walishinikizwa kupanda helikopta ili bima zitozwe.

Viza hutolewa uwanja wa ndege wa Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Chukua ya siku 30. Ndege za Lukla, uwanja mdogo wa milimani ambako safari ya miguu huanzia, huahirishwa kwa sababu ya mawingu siku mbili au tatu mfululizo, na anayepitisha muda hulipa dola 3 za viza kwa kila siku iliyozidi pamoja na faini ya dola 5 kwa kila siku, akiwa kwenye foleni ya idara ya uhamiaji badala ya kuwa nyumbani. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 bodi ya utalii ya Nepal inawataka wageni wawe na mwongozaji mwenye leseni. Hata pale ambapo wenyeji wa Khumbu, yaani eneo la Everest, hawakulisimamia hilo, sisi tunashauri awepo. Kibali cha hifadhi ya Sagarmatha, ambayo njia hiyo hupita ndani yake, ni rupia 3,000 za Nepal pamoja na kodi, halmashauri ya Khumbu ina kibali chake, na vyote hukaguliwa njiani, hivyo visikae ndani ya begi alilobeba mpagazi.

Njoo wiki sita kabla ya safari, ukiwa na cheti cha homa ya manjano, mkataba mzima wa bima, na ratiba inayoonyesha jina na mwinuko wa kila mahali utakapolala. Tutaanza na ratiba.