Je, wajua? Subway haimiliki maduka ya Subway

Mwishoni mwa 2010 Subway, wauza sandwichi wa Marekani, walikuwa na maduka mengi kuliko McDonald's duniani kote: 33,749 kwa 32,737. Biashara iliyoanza na mtaji wa dola 1,000 ilifikaje huko?

Jibu nilikuwa nalo, tena nililitoa kwa kujiamini: kampuni ilipata faida, ikafungua tawi, tawi likazaa tawi. Nilikosea, na kilichonipotosha ni hilo neno "tawi". Tawi la benki ni mali ya benki, na meneja wake ameajiriwa. Maduka ya Subway, karibu yote, ni ya watu wengine kabisa. Mwenye duka ndiye aliyekopa, akapanga fremu, akanunua oveni, na mishahara analipa yeye. Duka likifa, limemfia yeye. Nilidhani pia kwamba wingi wa maduka ni wingi wa fedha, kumbe mwaka huohuo mauzo ya McDonald's yaliwazidi mara kadhaa. Hata jina nililielewa vibaya. Nilidhani ni treni ya chini ya ardhi, kumbe limeanzia kwenye nyambizi, kwa Kiingereza "submarine", kwa umbo la mkate wenyewe.

Mwanzo wake ni mfupi. Fred DeLuca, kijana wa miaka 17 wa Bridgeport, Connecticut, alikuwa anatafuta ada ya kusomea udaktari. Rafiki wa familia, Peter Buck, mwanafizikia wa nyuklia, akatoa hizo dola 1,000, na Agosti 1965 wakafungua Pete's Super Submarines. Walipanga kufikisha maduka 32 katika miaka 10. Hadi 1974 walikuwa na 16. Ndipo wakaanza kukodisha jina.

Hapo ndipo penye utamu. Chukua daladala. Kwa kawaida tajiri ananunua gari, dereva anampelekea hesabu ya siku. Sasa geuza: dereva ndiye aliyenunua gari, na tajiri ana kitu kimoja tu, jina lililoandikwa ubavuni. Kwa jina hilo anachukua shilingi 8 katika kila 100 ya nauli, kabla dereva hajatoa ya mafuta. Ndio mrabaha wa Subway: asilimia 8 ya mauzo, si ya faida. Juu yake kuna mchango wa matangazo.

Tuseme gari moja linaingiza 100. Mwenye jina anapata 8. Akiruhusu la pili njia hiyohiyo, abiria wanagawana na kila gari linashuka hadi 70. Jumla ni 140, kwa hiyo mwenye jina sasa anapata 11.2. Madereva wote wawili wanalia, yeye anatafuta wa tatu.

Kilichorahisisha zaidi ni jiko. Sandwichi haihitaji karai la mafuta wala bomba kubwa la kutolea moshi, hivyo duka linaenea hata kwenye kona ya kituo cha petroli. Mtaji ukiwa mdogo, wa kukodi jina hawakosekani.

Marekani pekee maduka yalifika takriban 27,000 mwaka 2015, kisha maelfu yakafungwa. Maduka kubanana hivyo si sababu pekee, maana washindani nao waliongezeka, ila wenye maduka wenyewe walikuwa wakikulalamikia kubanana huko kwa miaka.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ireland iliamua kwamba mkate wa Subway, kwa sheria ya kodi, si mkate: sukari yake ni asilimia 10 ya uzito wa unga, na sheria inaruhusu 2. Vichwa vingi vya habari viliitaja Subway. Aliyefungua kesi hiyo, akidai arudishiwe kodi yake, alikuwa mwenye maduka.